Manyoya, kijiko na nguru wa Menai

Ukitoka Darajani, mjini Unguja, kuelekea kusini, unaipita Tunguu kabla ya kufika Unguja Ukuu. Siku hizi Tunguu inajulikana zaidi kwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya kwendea ghuba ya Menai, na huko watu wamevua kwa zaidi ya miaka elfu. Unguja Ukuu ilikuwa bandari ya biashara kabla Mji Mkongwe haujawa mji.

Wachimbaji wa mambo ya kale waliochunguza mifupa ya samaki katika miji ya Waswahili wameona mabadiliko. Karne za mwanzo wanatawala samaki wa miamba, jamaa za changu na pono. Kuanzia karne ya 11 hivi, samaki wa maji makuu wanaongezeka: papa, jodari, nguru. Pono huingia mwenyewe katika dema, mtego wa kutegwa majini. Jodari dema halimpati, lazima afuatwe.

Njia moja ya kumfuata ni kurambaza: chombo kinakwenda, mshipi unaburutwa nyuma, na ndoana imefichwa ndani ya kitu kinachojifanya kidagaa. Kabla ya vyambo vya dukani, wavuvi wa Bahari ya Hindi walitumia walichonacho: manyoya ya kuku, kipande cha kitambaa cheupe, baadaye nyuzi za gunia la plastiki zilizochambuliwa zikawa mkia. Chambo cha namna hii hakina harufu wala ladha. Kikisimama kimekufa. Uhai wake wote ni mwendo wa chombo, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo historia yake ilipo.

Wazungu wa maziwa ya baridi walifikia fikra hiyo hiyo kwa njia yao. Inasimuliwa kwamba Mmarekani Julio Buel aliangusha kijiko ziwani akiwa anakula mashuani, akamwona samaki akikirukia. Kweli au si kweli, mwaka 1852 alipata hataza ya chambo chake cha bati linalozunguka. Mwaka 1936 Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, alichonga samaki wa gome, akamvika karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kumfanya ayumbe majini kama samaki aliyejeruhiwa. Alikuwa akitafuta trauti na samaki wengine wa ziwani. Sisi visiwani trauti hatunaye. Afrika Mashariki aliletwa mwaka 1905, akatiwa katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare, Kenya. Lakini chambo cha Rapala kilivuka mipaka ya trauti. Leo kinamvua sangara katika Ziwa Victoria, na nguru na kolekole katika bahari yetu.

Uzi nao ulibadilika. Mshipi wa pamba ulioza na kunywa maji, na ulionekana waziwazi. Nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938, ilisambaa baada ya Vita Kuu ya Pili, na mvuvi akapata uzi ambao samaki hauoni kwa urahisi. Wakati huo huo, katika miaka ya 1950, Unguja ilikuwa makao ya shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki. Mtaalamu wake Francis Williams alichapisha mwaka 1956 ripoti juu ya samaki wa maji ya juu wa pwani hii. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatafuta samaki ambao wavuvi wa ngalawa walikuwa wakiwafuata siku zote.

Namna ya kufunga inategemea unayemtaka. Nguru ana meno ya wembe, kwa hiyo mbele ya ndoana hutiwa waya, nao haupigwi fundo bali huzungushwa juu ya wenyewe. Tena nguru hukata mkia kwanza. Ndoana ikikaa kichwani tu, utavuta nusu ya chambo. Jodari hana meno ya namna hiyo, ila ana macho makali, na waya humtia shaka. Kwake nailoni tupu inafaa zaidi. Kati ya mshipi na chambo hufungwa kipande kidogo cha chuma kinachozunguka, mshipi usijisokote.

Kisha ikaja mashine. Ngalawa ya tanga hutegemea upepo: kaskazi ikilala, chambo kinazama. Manyoya na kitambaa, vyepesi, vilifaa mwendo huo. Mashine ya nje iliruhusu mwendo wa kasi usiobadilika, na kasi ikawapa nafasi vichwa vizito vya plastiki vyenye mikia ya rangi rangi. Samaki wa kuchonga wa Rapala akivutwa kasi kupita kiasi hupinduka na kuruka juu ya maji. Kwa hiyo anayeuliza rangi gani inavua, ajiulize kwanza chombo chake kinakwenda vipi. Rangi inafuata, na chini kidogo ya uso wa bahari nyekundu ndiyo inayofifia mwanzo.

Menai ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1997, na nyavu za kukokota zikapigwa marufuku. Mshipi ukabaki halali.

Kumbukumbu za ufundi huu zinahitaji pa kuhifadhiwa. Beit el-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe lililokuwa na maonyesho ya vyombo vya bahari, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Chuo kiko Tunguu, na wazee waliofunga manyoya kwa mikono yao wako jirani, mwendo mfupi wa daladala. Wanafunzi wa historia wawaendee, waombe kufungiwa vyambo hivyo, wavihifadhi pamoja na maelezo ya nani alivua nini navyo, na kwa upepo gani.