Taji la Majilio, kuti la mnazi

Kila Desemba nausikia ubishi ule ule huku Kilifi: ati kuti bichi la mnazi ni la arusini, kanisani tutundike taji la Majilio la plastiki, ndiyo mila. Hebu tuhesabu miaka. Taji hilo lilianza 1839 mjini Hamburg, Ujerumani. Johann Hinrich Wichern alipanga mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni, watoto maskini aliowalea wahesabu siku za kungoja Krismasi. Majani mabichi yaliongezwa baadaye. Krapf, Mjerumani mwenzake aliyeanzisha misheni Rabai 1846, alikuwa ashaondoka Ulaya tangu 1837, taji halijazaliwa. Wichern alitumia alichokuwa nacho. Sisi tuna minazi. Mila yenyewe ndiyo hiyo.