Jasho kwa Amri ya Nani? Kutoka Gurudumu la Gereza hadi Tredmili ya Sebuleni

Katika baadhi ya nyumba za watumishi wa umma, wafanyabiashara na wahandisi wa migodi mjini Shinyanga, Kahama na Geita kimeanza kuonekana chombo ambacho babu zetu wangekicheka: mashine ya kutembea bila kufika popote. Wauzaji huiita mashine ya kukimbilia. Wengine huiita tredmili. Wapo wanaoibeza kuwa ni anasa ya watu walioacha jembe. Wapo pia wanaoitazama na kusema kwa masikitiko kwamba zamani hatukuhitaji mitambo, kwa kuwa kazi na safari zilitosha kutupa afya.

Makala haya yanapinga kauli zote mbili. Historia ya chombo hiki, ikiwekwa kando ya historia ya kanda hii ya pamba, almasi na dhahabu, inatufundisha kwamba si kila jasho ni mazoezi. Kinachotenganisha mazoezi na mateso ni mamlaka ya mtu juu ya mwendo wake mwenyewe: kuamua aanze lini, aende kasi gani na, zaidi ya yote, asimame lini.

Gurudumu la Cubitt

Tredmili haikuzaliwa katika jumba la michezo. Ilizaliwa gerezani. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidaraja, likatumika kwa wafungwa wa Bury St Edmunds. Wafungwa walishika mhimili kwa mikono na kukanyaga kidaraja kimoja baada ya kingine, huku gurudumu likizunguka chini ya miguu yao. Mwaka 1821 mtambo kama huo ulifungwa katika gereza la Brixton, London, ukasaga nafaka, na ndiyo sababu jina lake la Kiingereza limebeba neno la kinu. Katika magereza mengine haukusaga chochote. Wafungwa walipanda ngazi isiyo na mwisho kwa saa nyingi kila siku, na wenyewe wakasema kwamba kazi yao ilikuwa kusaga upepo.

Kutoka Uingereza gurudumu hilo lilivuka bahari. Huko Jamaika, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1834, watu walioitwa huru waliendelea kufungwa kwa mabwana wao chini ya mfumo wa uanagenzi hadi mwaka 1838. Katika kipindi hicho, waliokataa kazi walipelekwa kwenye magurudumu ya aina hii na kuchapwa walipokosa hatua. Nchini Uingereza kwenyewe, adhabu hiyo iliondolewa kwa sheria ya magereza ya mwaka 1898.

Chombo kilirudi kwa sura nyingine katika karne ya 20. Mwaka 1963 daktari wa moyo Robert Bruce, wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, alichapisha utaratibu wa kupima moyo wa mgonjwa anapotembea juu ya mkanda unaoongezwa kasi na mwinuko hatua kwa hatua. Baada ya daktari Kenneth Cooper kutoa kitabu chake kuhusu mazoezi ya moyo na mapafu mwaka 1968, mhandisi William Staub alitengeneza tredmili nafuu ya kutumiwa nyumbani. Katika muda usiotimia karne moja tangu adhabu ile ifutwe, kifaa kilichobuniwa kumchosha mfungwa kikawa kifaa ambacho mtu huru hulipa fedha kukipata. Miguu ya mwanadamu haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anayeshika swichi.

Usukumani: miguu, jembe na kipande

Swali hilo la swichi linatupeleka moja kwa moja Usukumani, maana historia yetu nayo imejaa miguu inayotembea.

Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa uti wa mgongo wa misafara iliyounganisha pwani na maziwa makuu, wakibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi. Kazi ilikuwa nzito, lakini wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao. Walijadiliana malipo, walidai posho, na mara kwa mara waligoma au kuutoroka msafara uliowadhulumu. Walikuwa na uwezo wa kuutua mzigo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, uwezo huo uliporwa. Majeshi ya pande zote yaliwalazimisha wapagazi kubeba silaha na vyakula, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mzigo ulikuwa uleule wa kichwani, lakini sasa kuutua bila amri kulikuwa kosa.

Mashambani nako tunaona tofauti hiyohiyo. Basumba, yaani vikundi vya vijana wa Kisukuma vilivyoongozwa na nsumba ntale, vililima kwa pamoja, na ngoma ya bugobogobo ikaufanya mdundo kuwa kiongozi wa jembe. Jasho lilikuwa jingi, lakini kasi ilikuwa ya kikundi, mapumziko yalijulikana, na mwenye shamba alipaswa kuwakirimu waliomsaidia. Linganisha na kipande cha enzi za ukoloni, kadi ambayo mfanyakazi alitiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na hesabu ya ujira ikasubiri zitimie siku 30. Linganisha pia na sheria ndogo za kilimo zilizobanwa Usukumani baada ya Vita Kuu ya Pili: matuta ya lazima, kupunguza mifugo kwa lazima, na faini kwa aliyekaidi. Kulima tuta ni kazi ileile ya mgongo na mikono. Ikiwa amri yake inatoka kwa bwana shamba mwenye kitabu cha faini, haiwi tena kazi yako.

Ndiyo maana mwaka 1958 ni mwaka wa kukumbukwa. Wakati serikali ya kikoloni ilipoilazimisha Geita kuwa na baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, huku chuki dhidi ya sheria zile za kilimo ikiwa bado mbichi, mamia ya watu wa Geita walifunga safari hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakakabiliwa na mabomu ya machozi. Miguu iliyozoea kuamriwa ilijiamrisha yenyewe. Mwezi Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere naye alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zipatazo kilomita 200, kuhudhuria mkutano wa TANU. Kutembea kulikuwa kumekuwa lugha ya siasa.

Hata hivyo, uhuru wa nchi haukuhakikisha uhuru wa miguu. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha wananchi wa Shinyanga kwa nguvu, na wengi walijikuta mbali zaidi na mashamba, kuni na malisho. Hatua ziliongezeka kila siku. Je, tuseme afya nayo iliongezeka?

Jasho la kazi na jasho la afya

Sayansi inatusaidia kulijibu swali hilo. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima, waliugua ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kitini. Huo ulikuwa msingi wa imani kwamba mwendo huulinda moyo, na imani hiyo ni sahihi.

Lakini tafiti za karibuni, hasa zilizofanywa na watafiti wa Denmark na nchi jirani, zimeongeza sharti muhimu. Mwendo wa wakati wa mapumziko huimarisha moyo, ilhali kazi nzito ya kunyanyua na kusukuma kwa saa nyingi bila kupumzika haileti faida hiyo, na kwa wanaume imeonekana kuambatana na hatari kubwa zaidi. Moyo hujengeka unapopewa muda wa kutulia.

Sasa tuitazame kanda yetu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Katika ardhi hiyohiyo kuna dereva wa lori la mgodi anayekaa kitini kwa zamu nzima, afisa wa halmashauri anayekaa mezani hadi jioni, mchimbaji mdogo anayevuta mfuko wa mawe kutoka kwenye duara, na mama anayeponda mawe juani karibu na karasha. Wawili wa kwanza wanahitaji kutembea. Wawili wa mwisho wanahitaji kupumzika. Sera inayowaambia wote wanne "fanyeni mazoezi" haijawatazama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua haki ya kusimama: saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Mchimbaji asiye na mkataba, anayelipwa kwa mgawo wa mawe, ataidai haki hiyo kwa nani?

Kwa mwenye mashine nyumbani

Anayeketi kutwa na amejaliwa kuwa na tredmili asione aibu kuitumia. Aitumie kama mtu huru, kwa mpango. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi amwone daktari kwanza. Mashine iwekwe sakafu tambarare, mahali penye hewa, na nyuma yake pabaki nafasi ya mita mbili hivi, si ukuta. Anza ukiwa umesimama kwenye kingo za pembeni, si juu ya mkanda. Vaa viatu vya kufunga, na usipande na kanga, kitenge au nguo inayoburuta. Funga kwenye nguo ile kamba ya usalama inayouzima mtambo ukiteleza. Umeme ukikatika mkanda unaweza kusimama ghafla, basi shika mhimili na usikimbie kwa kasi usiyoimudu.

Wiki mbili za mwanzo zinatosha dakika 10 hadi 15, siku tatu kwa wiki, kwa mwendo wa kilomita 4 hivi kwa saa. Kisha ongeza dakika tano kila wiki hadi zifike 30, halafu ongeza siku hadi ziwe tano. Kasi na mwinuko vije mwisho. Kila mara tumia dakika tano za mwanzo kupasha mwili joto na tano za mwisho kuupooza. Kipimo cha wastani ni rahisi: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukihisi kifua kubana, kizunguzungu au pumzi kukata, simama na utafute matibabu. Mashine isiyotumika ichomolewe kwenye umeme na watoto wasiisogelee. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliziita sokoni mashine zake za aina moja baada ya mtoto kufariki.

Tunachopaswa kudai

Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Lilikuwa jambo jema. Lakini raia asiye na mashine atatembea wapi, ikiwa viwanja vya wazi vinageuzwa vibanda na pembezoni mwa barabara hamna njia ya waenda kwa miguu?

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni za migodi zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Watumishi wa mipango wa Geita, Kahama na Shinyanga waingize humo njia za waenda kwa miguu, viwanja vyenye vivuli na maji ya kunywa. Wanaharakati nao wadai mapumziko yenye malipo, kivuli na maji kwa wanaovuta mawe kwenye maduara. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya utafiti waanze kwa kuhesabu saa ambazo mchimbaji mdogo hukaa shimoni bila kupumzika, na kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia atoke.