Data Kubwa Ilianza kwa Kiguu na Njia: Somo la Machakos

Siku hizi "data kubwa" iko midomoni mwa kila mtu. Tunaambiwa kompyuta ikilishwa rekodi za kutosha, itatuonyesha ni nani kati ya watu wanene na wenye kisukari aliye hatarini kupata ugonjwa wa moyo. Inawezekana. Lakini rekodi za aina gani? Tuulize historia, na tuanzie hapa Machakos.

Mwaka 1974, katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni, watafiti wa Kenya na Uholanzi walianza kuwafuatilia wakazi zaidi ya 20,000. Wasaidizi wao walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili hivi. Nani kazaliwa? Nani kafa? Nani kahama? Mtoto yupi ana surua, kifaduro au kuhara? Kazi ilikwenda hadi 1981, na kitabu cha matokeo kikatoka 1984. Kwa lugha yetu waandishi wa programu, kila mtu alikuwa na rekodi yake, na rekodi hiyo ilisasishwa miaka nenda miaka rudi. Moyo haukuwamo, kwani utafiti ulihusu afya ya mama na mtoto.

Huko Marekani mbinu hiyo ilikuwa imeshaelekezwa kwenye moyo. Katika mji wa Framingham, kuanzia 1948, watu 5,209 walipimwa kila baada ya miaka 2. Kufikia miaka ya 1970 ilionekana wazi kwamba kisukari huongeza hatari ya moyo. Unene ulichelewa zaidi. Mnene mara nyingi ana shinikizo la damu na sukari pia, sasa mkosaji ni yupi? Kuwatenganisha kulihitaji kusubiri. Ni mwaka 1983, baada ya miaka 26 ya kufuatilia watu walewale, ndipo watafiti walipotangaza kwamba unene wenyewe una lawama yake.

Miaka 26! Hakuna seva inayoweza kuifupisha.

Na kwetu? Mwaka 1929 daktari Donnison aliandika kwamba katika hospitali yake kusini mwa Nyanza hakuwa akikuta shinikizo la damu la juu. Mwaka 1990 ukachapishwa utafiti uliowafuata Waluo waliotoka kijijini kwenda Nairobi, na shinikizo lao lilionekana kupanda ndani ya miezi michache tu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ukakuta kwamba watu wazima wapatao 27 kati ya kila 100 wana uzito uliozidi au ni wanene. Lakini uchunguzi huo ni kama picha ya mnato: unakuonyesha watu walivyo siku hiyo, haukuambii nani atapata kiharusi baada ya miaka 10.

Hapo ndipo penye shida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya ya kukadiria hatari ya moyo kwa kanda 21 za dunia. Pasipo maabara, unaweza kutumia uzito na urefu. Ni kazi nzuri, ila fomula zake zilitokana na watu 376,177 waliofuatiliwa hasa katika nchi tajiri, kisha zikarekebishwa kwa makadirio ya kila kanda. Mama wa Kangundo anapopewa asilimia yake, sehemu kubwa ya hesabu hiyo imetokana na maisha ya watu wasiofanana naye kwa chakula, kazi wala umri wa kuanza kunenepa.

Je, hatuna data? Tunayo. DHIS2, iliyoenezwa nchi nzima mwaka 2011, hupokea jumla za vituo kila mwezi. Lakini jumla haina kumbukumbu ya mtu. Mgonjwa aliyekuja mara 12 na wagonjwa 12 waliokuja mara moja wanaweza kufanana. Upande wa VVU umeshatuonyesha njia: OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, humfuata mgonjwa mmoja mmoja, ziara baada ya ziara.

Basi tunaoandika programu tuna kazi. Mpe mwenye kisukari namba moja inayotambulika katika kila kliniki, ilinde siri yake kama sheria ya data ya 2019 inavyotaka, kisha uitunze kwa miaka 20. Haina mbwembwe, lakini bila hiyo data yetu itakuwa nyingi tu, si kubwa.

Mnasemaje, wadau?