Historia ya Utatuzi wa Hitilafu katika Kuandaa Seva

Programu za kuandaa seva huifanya kompyuta tupu iwe tayari kwa kazi: huipa anwani, huisakinishia mfumo endeshi, kisha huipanga kulingana na matumizi yake. Hatua hizo tatu hazikubuniwa pamoja, na kila moja ilizaliwa na hitilafu zake.

Hatua ya kwanza ilianza na BOOTP, itifaki iliyotangazwa mwaka 1985 ili kompyuta isiyo na diski ipewe na mtandao anwani pamoja na jina la faili la kuwashia. DHCP ilifuata mwaka 1993. Baadaye Intel iliunganisha DHCP na TFTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, katika PXE, kanuni za kuwasha kompyuta kupitia mtandao, na toleo la 2.1 likatoka mwaka 1999. Humo hitilafu zilipewa namba. PXE-E51 ni kwamba hakuna seva ya DHCP iliyojibu. PXE-E53, kwamba jina la faili halikupokelewa. PXE-E32, kwamba seva ya TFTP haikujibu kwa wakati. Fundi akaweza kujua safari ilikatikia wapi kwa kusoma kioo tu.

Katika hatua ya pili, miaka ya 1990, JumpStart ya Sun na Kickstart ya Red Hat zilimwondoa mtu katika usakinishaji kwa kutumia faili la majibu yaliyoandikwa mapema. Jibu moja likikosekana, usakinishaji husimama.

Hatua ya tatu ilifunguliwa mwaka 1993, Mark Burgess wa Chuo Kikuu cha Oslo alipoandika CFEngine. Msimamizi hueleza hali anayoitaka, na programu huifikisha seva kwenye hali hiyo. Puppet ilikuja mwaka 2005, Chef 2009 na Ansible 2012. Hapa kosa huweza kupita kimya: programu humaliza kazi bila kulalamika, ilhali maelezo yenyewe yalikuwa na kasoro. Ndiyo maana Puppet na Ansible zina namna ya majaribio, inayoonyesha mabadiliko bila kuyatekeleza.

Hitilafu ya hatua moja huweza pia kuwa na chanzo katika nyingine. Seva inayotumia Puppet ikisakinishwa upya, hutengeneza ufunguo mpya wa kujitambulisha, huku seva kuu ya Puppet, inayozitambua seva kwa vyeti, ikiwa bado na cheti cha zamani chenye jina lilelile. Puppet huikataa, na dawa ni kufuta cheti hicho kwenye seva kuu.