Kutoka Chumba cha Kulala cha Turin hadi Ugonjwa wa MS

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi zilizowafukuza Wayahudi vyuoni na makazini. Rita Levi-Montalcini, daktari kijana Myahudi wa Turin, akajikuta hana maabara. Hakukaa bure. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea zikawa visu vidogo, na kwa visu hivyo akapasua viinitete vya kuku kutazama neva zinavyoota na zinavyokufa. Mabomu ya vita yalipozidi mjini, alihamishia vifaa vyake shamba na kuendelea na kazi.

Mwaka 1947 mwanasayansi Viktor Hamburger alimwalika St. Louis, Marekani. Huko aliona kwamba uvimbe wa saratani ya panya ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, neva hukua kupita kiasi. Mwaka 1952 akapanda ndege kwenda Rio de Janeiro akiwa na panya wenye uvimbe huo, kwa kuwa Hertha Meyer alikuwa na maabara ya kukuza tishu nje ya mwili. Akaweka kipande cha uvimbe karibu na fundo la neva, bila kugusana. Nyuzi zilichipuka pande zote za fundo kama miale ya jua. Uvimbe ulikuwa ukitoa kitu fulani, na mwanakemia Stanley Cohen akathibitisha kuwa ni protini. Ikaitwa NGF (nerve growth factor, yaani kichocheo cha ukuaji wa neva), na mwaka 1986 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

NGF inahusianaje na MS, yaani multiple sclerosis? Katika ugonjwa huu, ambao daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kinagaubaga jijini Paris mwaka 1868, kinga ya mwili hushambulia mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Mgonjwa hufa ganzi, macho huona ukungu, miguu hukosa nguvu. Kwa miaka mingi seli za kinga zilitazamwa kama adui tu.

Mwaka 1977 Levi-Montalcini na Luigi Aloe waligundua kwamba NGF huongeza idadi ya aina fulani ya seli za kinga katika panya wachanga. Kumbe protini ya neva inazungumza na kinga pia! Mwaka 1992 watafiti wa Italia, Aloe na Levi-Montalcini wakiwamo, waliripoti kuwa NGF imepanda katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa MS. Mwaka 1999 kundi la watafiti la Munich likaonyesha kwamba seli za kinga zenyewe hutengeneza BDNF, protini ya ukoo huohuo, hata ndani ya majeraha ya ubongo wa wagonjwa. Kwangu huu ndio ugunduzi mzito kuliko yote: seli zinazobomoa zinabeba pia chakula cha neva, na kuzizima zote kiholela kunaweza kuwa na hasara yake.

Mwaka uliofuata, NGF iliwakinga nyani wadogo aina ya marmoseti dhidi ya ugonjwa unaofanana na MS. Kwa binadamu njia imekuwa ngumu. Protini hii haipenyi kirahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, na ikidungwa huleta maumivu, maana neva za maumivu nazo huitegemea.

Mwaka 2017 Ulaya iliidhinisha matone ya NGF kwa ugonjwa mmoja wa konea ya jicho. Kwa MS bado hakuna dawa ya protini hizi iliyoidhinishwa. Msomaji, ukiuziwa kidonge cha “kuotesha neva” kwa ajili ya ugonjwa huu, usikinunue, na usiache dawa ulizoandikiwa na daktari wako.