Kutoka Mvukuto hadi Beringi: Historia Isiyoandikwa ya Zana za Mafundi wa Bisibo

Historia ya teknolojia nchini mwetu huandikwa kwa tarehe za kufunguliwa kwa viwanda. Tunajua ni kiongozi gani aliyekata utepe, ni nchi gani iliyotoa mkopo, na mara nyingi tunajua pia mwaka ambao mitambo ilinyamaza. Tusichokijua, kwa kuwa hatukuona umuhimu wa kukiandika, ni historia ya zana ambazo hazikukatiwa utepe: zile ambazo fundi hujitengenezea mwenyewe kwa sababu kazi iko mbele yake na zana ya dukani haipo. Makala haya yanahusu mojawapo ya zana hizo, nayo ni kivuta-beringi cha fundi baiskeli wa Bisibo, katika nchi ya Wasubi iliyogawanyika baina ya wilaya za Ngara na Biharamulo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwa miongo mingi baiskeli ya vijijini ilikuwa ya chuma kizito na ya umbo moja, na katika ekseli zake zilikaa gololi zilizolegea, zikizungukwa na grisi. Gurudumu la mbele lilitumia gololi za robo tatu ya robo inchi, na la nyuma gololi za robo inchi. Fundi aliyekuwa na spana mbili na kopo la mafuta ya taa aliweza kufungua, kuosha, kuhesabu na kurudisha. Kisha zikaja baiskeli za mtumba, na miongoni mwake baiskeli za mlimani zenye springi katikati ya fremu. Fremu ya namna hii si kipande kimoja. Sehemu yake ya nyuma imeunganishwa na ya mbele kwa maungio yanayokunjika kama goti, na ndani ya kila ungio hukaa beringi ndogo iliyofungwa pande zote na kubanwa ndani ya fremu bila hesi wala nati.

Baiskeli hizo zilibuniwa kwa ajili ya mchezo wa kuteremka milima ya Ulaya na Marekani, si kwa ajili ya kupandisha mikungu ya ndizi kuelekea barabara ya Lusahunga. Zaidi ya hayo, beringi ya gurudumu huzunguka mzunguko kamili, ilhali ya ungio la fremu huyumba kwa nyuzi chache tu, mbele na nyuma, hivyo mzigo wote huangukia gololi zile zile mahali pale pale. Ongeza tope la masika na vumbi la kiangazi, na haichukui muda mrefu kabla fremu haijaanza kulia na kucheza. Beringi yenyewe hupatikana madukani, kwa kuwa vipimo vyake ni vya dunia nzima: yenye namba 6000, kwa mfano, ina tundu la milimita 10, kipenyo cha milimita 26 na upana wa milimita 8, iwe imetoka China au Ujerumani. Kinachokosekana ni zana ya kuitoa na kuiingiza.

Fundi huijenga zana hiyo kwa vitu alivyonavyo. Huchukua nondo yenye hesi au bolti ndefu, nati mbili, washa kadhaa nene, na vipande viwili vya bomba la chuma. Kipande kimoja huwa na mdomo mpana kuliko beringi ili kiipokee inapotoka. Kingine, ambacho mara nyingi ni beringi chakavu iliyopunguzwa kwa tupa, huwa chembamba kidogo kuliko tundu la fremu ili kiisukume. Nondo hupita katikati ya vyote, nati hukazwa polepole kwa spana, na beringi hutoka au huingia ikiwa imenyooka. Pale ambapo nondo haiwezi kupita, fundi huchukua bolti, huipasua ncha kwa msumeno wa chuma, huiingiza katika tundu la beringi, na kuitanua kwa kabari. Kisha huigonga kutoka upande wa pili.

Kuna kanuni inayotawala kazi hii, na fundi mzuri huifundisha kabla ya jambo lingine lolote: unapoiingiza beringi katika fremu, sukuma duara la nje tu. Ukisukuma la ndani, nguvu yote hupitia kwenye gololi, nazo huchimba vishimo katika njia yake. Beringi itakuwa imekufa kabla haijabeba hata mkungu mmoja. Kwa maneno ya darasani, hii ni elimu ya mgawanyo wa nguvu. Kwa maneno ya kijiweni, ni sababu ya kutotumia nyundo. Maarifa ni yale yale, lakini anayeyasema kwa lugha ya kwanza huitwa mhandisi, na anayeyasema kwa lugha ya pili hana cheo katika takwimu zetu.

Msomaji anaweza kuuliza kama tunakikuza kitu kidogo. Historia ya beringi inajibu kwamba si kitu kidogo. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hataza ya beringi za gololi kwa ajili ya baiskeli, na mwaka huo huo James Moore akashinda mbio za Paris hadi Rouen akiwa juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe duara kamili na zenye ukubwa mmoja. Mji huo uligeuka kuwa kitovu cha beringi, hata katika Vita vya Pili vya Dunia ndege za Marekani zikaushambulia mara kwa mara, kwa hesabu kwamba jeshi lisilo na beringi halitembei. Na Sven Wingquist, aliyeanzisha kampuni ya SKF nchini Sweden mwaka 1907, alikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda cha nguo mjini Gothenburg. Ardhi ya kiwanda ilikuwa ya udongo unaotitia, mihimili ya mitambo ikapinda, beringi zikavunjika, naye akabuni beringi inayojirekebisha yenyewe. Uvumbuzi mkubwa wa sekta hiyo ulitoka kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vilivyoharibika. Tofauti yake na fundi wetu haiko katika akili. Iko katika kile kilichomzunguka: benki, sheria ya hataza, na kiwanda kilichokuwa tayari kumsikiliza.

Je, eneo letu liliingia katika habari ya chuma kwa mlango wa baiskeli? Hasha. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Wahaya, mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yaliyofukuliwa Katuruka yana umri unaozidi miaka 2,000. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao juu ya uyeyushaji wa Kihaya, wakidai kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na hivyo kuzalisha chuma cha pua kwa ufanisi mkubwa. Dai hilo la hewa iliyopashwa moto lilipingwa na wataalamu wengine, akiwamo David Killick, na mjadala wake ni wa kisayansi hasa. Ila hakuna upande uliokana kwamba kazi ile ilihitaji ujuzi wa hali ya juu.

Karibu zaidi na Bisibo, katika nchi ya Uzinza na maeneo ya Biharamulo na Geita, walikuwapo Barongo. Hawa hawakuwa kabila kwa maana ya kawaida. Kilikuwa chama cha kazi cha wayeyushaji waliotoka katika jamii mbalimbali na kufungamanishwa na ujuzi, miiko na matambiko. Schmidt, aliyewachunguza pia, alionyesha kwamba uyeyushaji wao haukuwa kurudiarudia mapokeo kwa upofu. Tanuri lilipogoma, walijaribu, wakabadili, wakajaribu tena. Profesa Bertram Mapunda, kwa utafiti wake wa Ufipa, naye ametuonyesha kwamba lundo la mavi ya chuma lililoachwa porini ni kumbukumbu ya maamuzi ya watu waliokuwa wakifikiri.

Bidhaa ya kazi hiyo ilikuwa jembe. Jembe lililima, lililipa mahari, na lilisafiri. Makadirio yanayonukuliwa na wanahistoria yanasema kwamba mwishoni mwa karne ya 19 majembe yapatayo 150,000 yalipita katika soko la Tabora kwa mwaka. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, baadaye Waingereza, pamoja na majembe ya viwandani kutoka ng'ambo. Kazi ya kuchoma mkaa, kuchimba mawe ya chuma na kuvukuta usiku na mchana haikuweza kushindana na bei ya bidhaa ya meli. Tanuri zilizimika, lakini wahunzi hawakuisha: waliacha kuyeyusha mawe, wakaanza kufua chuma chakavu. Springi ya lori ikawa panga, kipande cha reli kikawa fuawe.

Sidai kwamba kila fundi baiskeli wa leo ni mjukuu wa mhunzi wa jana. Nasaba za namna hiyo ni rahisi kuzitunga na ni vigumu kuzithibitisha. Ninachodai ni kwamba desturi ya kazi haikukatika. Kukitazama chuma kilichokufa na kuona ndani yake zana ambayo haijazaliwa, kumfundisha kijana kwa kumkalisha kando ya kazi, na kumjaribu kwa kazi kabla ya maneno, ndiyo shule iliyobaki wakati nyingine zote zilikuwa mbali.

Baada ya uhuru ilitazamiwa kwamba dola lililotangaza kujitegemea mwaka 1967 lingeikumbatia shule hiyo. Kwa kiasi fulani lilijaribu. Sheria Na. 28 ya mwaka 1973 iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, na wahunzi walitajwa katika hotuba. Hata hivyo, mtafiti Jens Müller, katika kitabu chake kuhusu wahunzi wa vijijini Tanzania kilichochapishwa Aalborg, Denmark, mwaka 1980, aliuliza swali ambalo bado linatuumiza: je, tulikuwa tunaimarisha teknolojia ya wenyeji au tunaifilisi? Alionyesha kwamba fedha na heshima vilielekezwa kwenye mitambo iliyoagizwa kutoka nje, huku mhunzi aliyekwisha kuwa na ujuzi, wateja na malighafi akiachwa pembeni. Kujitegemea kulihubiriwa kwa Kiswahili na kununuliwa kwa fedha za kigeni.

Swali hilo si la makumbusho. Kabanga, wilayani Ngara, kuna hazina kubwa ya nikeli, na mwaka 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel. Biharamulo tayari iliuona mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ukifunguliwa mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2013. Mgodi wowote ni msitu wa beringi: mikanda, pampu, feni na vinu vyote huzunguka juu yake, na kila moja ina siku yake ya kufa. Nani atazibadilisha? Kijana wa Bisibo ambaye tangu utotoni amejua kuvuta beringi bila kuijeruhi atasimama langoni akiulizwa cheti. Hatakuwa nacho. Ataingia kuwa mlinzi au mbeba mizigo, na kazi anayoiweza atafanyiwa na mtu kutoka mbali, kisha tutaandika ripoti kuhusu uhaba wa ujuzi miongoni mwa wenyeji.

Nyenzo za kuepuka aibu hiyo tunazo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa anachoweza kukifanya na kupewa cheti. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Nawaomba wasomaji wangu walio katika halmashauri wafanye mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kwanza, wapimaji wa VETA wawafuate mafundi minadani na vijiweni, badala ya kuwangoja mafundi wajaze fomu mjini. Pili, shule zenye mkondo wa amali ziwaalike mafundi hao kufundisha, na zana zao za kujitengenezea zichorwe, zipimwe na kuingizwa katika mazoezi ya wanafunzi. Tatu, mikataba ya ushirikishwaji wa wenyeji katika migodi itaje kwa jina kazi za matengenezo, isiishie katika mboga, usafi na ulinzi.

Kwa wanafunzi wangu wa historia nina ombi jingine. Mnapokwenda likizo Rulenge, Nyakahura au kwingineko, kaeni nusu siku na fundi mmoja. Mwulizeni kila zana aliipata wapi, ilikuwa nini kabla haijawa zana, na nani alimwonyesha. Andikeni majibu kwa tarehe na vipimo, kama mnavyoandika mikataba na vita. Mavi ya chuma hudumu ardhini kwa maelfu ya miaka yakimngoja mtafiti. Bolti iliyopasuliwa ncha haingoji: fundi wake akifariki, huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.