Gharama ya Kushinda na Mzee: Halmashauri za Kanda ya Kati na Dimenshia

Tangu mwaka 2018, Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uangaliwe upya, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Wazee hawamo kwenye mgawo. Sidai waongezwe kama kundi la nne la wakopaji. Mzee mwenye dimenshia, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, hahitaji mtaji. Anahitaji mtu wa kushinda naye. Ninachodai ni kwamba siku za mtu huyo ni gharama halali ya halmashauri, na kwamba katika mikoa ya Dodoma na Singida gharama hiyo inaweza kukadiriwa kwa kufuata majira ya kilimo.

Ukubwa wa tatizo tunaujua kwa sehemu tu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2012, ulihusisha watu karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na kukadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo wana dimenshia. Hai si Dodoma: udongo, chakula na kipato vinatofautiana. Lakini kama kipimo cha kuanzia, kijiji chenye wazee 100 wa umri huo kina wagonjwa sita hivi. Utafiti mwingine wa huko huko Hai ulionyesha kwamba familia nyingi huuona ugonjwa huu kuwa ni uzee tu, jambo la kawaida lisilohitaji daktari. Afisa mipango anayesubiri takwimu za zahanati ndipo aweke fedha atasubiri sana, kwa sababu wagonjwa hawa hawafikishwi zahanati.

Gharama yenyewe inaonekana shambani. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua hiyo haitabiriki. Siku za kupanda ni chache. Anayezikosa amekosa chakula cha mwaka. Mtama na uwele vikianza kukomaa, kazi inageuka kuwa ya kufukuza ndege. Kweleakwelea hushuka kwa makundi, kwa hiyo mlinzi anatakiwa awe shambani kabla jua halijachomoza na asiondoke mpaka lizame, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Sasa mfikirie binti anayeishi na mama yake mwenye dimenshia. Akimwacha nyumbani, mama anaweza kuwasha moto ndani na kuusahau, au akatoka asijue njia ya kurudi. Akienda naye, atamchunga mama au atachunga ndege. Mara nyingi suluhisho huwa ni mjukuu kuachishwa shule kwa muda. Kaya imeshalipa, ila malipo hayo hayajaandikwa kwenye kitabu chochote cha halmashauri.

Kutangatanga huko kwa mgonjwa anayetoka asijue njia ya kurudi, katika Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, kuna historia yake. Watu wenye umri wa miaka 75 leo walikuwa vijana wakati Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipowahamisha wananchi kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Dimenshia hufuta ya jana na kuyaacha ya zamani. Mzee anayesema anataka kwenda kwao huenda ana mahali halisi kichwani: tembe lililoachwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, kilomita kadhaa porini. Mwenyekiti wa kitongoji anayejua mahame hayo yalipo atamtafuta upande sahihi kabla giza halijaingia. Maarifa ya aina hiyo hayapatikani nje ya kijiji, na ndiyo maana naona huduma hii ni ya serikali za mitaa kabla ya kuwa ya wizara.

Tatizo ni kwamba bajeti ya halmashauri inapenda kuta. Miongozo inazitaka halmashauri zipeleke sehemu kubwa ya mapato ya ndani kwenye miradi ya maendeleo, na kwa mazoea mradi ni kitu kinachoweza kuzinduliwa: darasa, zahanati, stendi. Malezi hayana jiwe la msingi. Hata historia yetu ya huduma ni ya majengo: Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe mjini Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, na makazi ya wazee Sukamahela wilayani Manyoni. Yote mawili yana kazi yake. Lakini hakuna binti wa Kigogo atakayempeleka mama yake Mirembe kwa sababu ya kusahau. Jina la hospitali hiyo limebebeshwa dhihaka kwa muda mrefu mno, na kwa kweli mama huyo hahitaji kulazwa.

Ninachopendekeza ni kasma ya walezi wa zamu. Kwa miezi ya kupanda na ya kulinda ndege, halmashauri ilipe posho kwa mkazi wa kitongoji hicho hicho, aliyechaguliwa na familia na kuthibitishwa na baraza la wazee la kijiji, ili ashinde na mgonjwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2024 unamfikisha vijijini, ndiye awatambue wagonjwa na kuwapima shinikizo la damu. Mafunzo mafupi ya kumtuliza mgonjwa bila kumfunga wala kumfokea si jambo la gharama kubwa. Mlango wa kisheria upo pia: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inahesabu sababu za kiakili katika maana yake ya ulemavu. Kinachokosekana ni marekebisho ya 37A yatakayoruhusu sehemu ya ile asilimia 2 itolewe kama ruzuku.

Watetezi wa vikundi vya watu wenye ulemavu watasema, na wana haki, kwamba fungu lao ni dogo mno kuguswa. Basi sehemu ya asilimia 4 ya wanawake ichangie, kwa kuwa mzigo wa malezi wanaubeba wao. Mwanamke asiyeweza kuondoka nyumbani hahudhurii kikao cha kikundi, hapeleki bidhaa mnadani, kwa hiyo mkopo ule tayari umempita.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili: kwamba kumlea mzazi ni wajibu wa mtoto, na kuulipia ni kuuvunja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inaiweka familia kuwa mlezi wa kwanza. Nakubaliana nayo. Lakini mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 wakati huo, pasipo kumwondolea mtoto wajibu wake. Posho ya mlezi wa zamu haimtoi binti kwa mama yake. Inamwezesha kurudi jioni akiwa na chakula.

Linabaki suala la usawa baina ya halmashauri zenyewe. Jiji la Dodoma, lililorithi ardhi na viwanja baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) kuvunjwa mwaka 2017, lina vyanzo ambavyo halmashauri za Bahi na Chemba hazina. Asilimia ile ile ya mapato madogo ni fedha kidogo, na kweleakwelea wako Bahi na Chemba zaidi kuliko Jijini. Kwa halmashauri za namna hiyo, TAMISEMI ingepaswa kuongeza ruzuku kwa kuzingatia idadi ya wazee wa miaka 70 na zaidi katika sensa ya 2022, na fedha hizo zifike kabla ya Desemba, mvua ya kwanza ikiwa haijanyesha.